Mchezo wa Walozi na Karatasi Niliyoiandika Wamaza

Mlikuja walimu vijana wawili nyumbani kwangu hapa Kasongo, mmeshika kitabu kimoja kilichoachana na jalada lake, mkaniuliza: "Papa Mwalimu, mchezo huu tutaufundisha namna gani? Watoto ni hamsini, kitabu iko kimoja." Mama wa nyumba akawapa chai, mimi nikawapa maneno. Mkaandika kwenye kaye, daftari zenu, mkashukuru, mkaenda. Mlipopotelea kwenye kona nikabaki na aibu, maana nilichowapa kilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikataa kutoka mdomoni. Najaribu kuitoa kwa kalamu.

Ile nusu rahisi nairudia kwa kifupi, msije mkasema mzee anaficha ujuzi. Kitabu kimoja kinatosha, ukiwa na wembe. Kata uzi wa mgongoni, toa kurasa kumi kumi, kila fungu lishone kwa uzi wa nyavu, kila kundi la watoto lipewe fungu lake. Wiki inayofuata wabadilishane. Prefe wangu wa kwanza, mkuu wa shule, aliponikuta nakata kitabu cha shule kwa wembe alipiga kelele kama mtu aliyekuta mbuzi wake anachinjwa. Mwisho wa mwaka alikuja mwenyewe kuomba wembe.

Tablo, ule ubao wa darasani, ikififia, msingoje rangi. Chukueni betri za redio zilizokufa, pondeni ule weusi wa ndani, changanyeni na majani ya muhogo yaliyotwangwa, pakeni mara mbili. Chaki itashika. Mikono yenu itakuwa myeusi siku tatu, na wake zenu watasema maneno. Hilo sina dawa yake.

Kufundisha mchezo nilifundishwa na Papa Deo, mwalimu wa zamani aliyenipokea nikiwa kijana mwenye suruali moja. Nilipoanza nilikuwa naeleza tu: sehemu ya kwanza inasema hivi, mhusika huyu tabia yake ni hii. Papa Deo alikaa nyuma ya darasa siku moja, akaniita nje. "Weye unaeleza harufu ya samaki," akaniambia. "Wape samaki wale." Tangu siku ile nikawa nawasimamisha watoto, wanasoma kwa sauti, mmoja huku ng'ambo ya kijito, mwingine kule, ili wajue kutoa sauti tumboni. Aliniambia na jambo lingine: mtoto mwenye msiba usimpe sehemu ya kulia. Atalia kweli, na hutajua namna ya kumnyamazisha.

Mwaka mmoja tuliucheza mchezo wote mbele ya wazazi. Nywele za jaji tulizitengeneza kwa nyuzi za katani. Jaji mwenyewe alikuwa kijana mmoja aitwaye Assumani, mrefu, sauti nzito, nilimwamini. Katikati ya kesi, baba yake akaingia amechelewa, amevaa koti. Assumani akamwona, maneno yote yakamtoka kichwani, akasema kwa heshima: "Karibu, Papa. Kiti iko pale." Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha mshtakiwa. Mzee akaketi, akavua kofia. Assumani akakumbuka maneno yake, akaendelea, akamhukumu baba yake kunyongwa. Watu walicheka hadi benchi ikavunjika. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nikikumbuka kicheko kile, nainamisha kichwa.

Habari ya mchezo wenyewe mnaijua. Ni mchezo wa zamani wa Wazungu. Kijiji cha watu wa sala, mtoto anaugua, hofu inaingia. Mmoja anatajwa kuwa mlozi, naye anamtaja mwingine. Wakubwa wanaketi kuhukumu, na sheria yao ni hii: ukikubali kwamba wewe ni mlozi, utaishi, ukikataa, utanyongwa. Basi waongo wanarudi nyumbani kwao na wasema kweli wanakufa. Mchezo huo niliufundisha miaka zaidi ya ishirini. Ungeniamsha usingizini ningekutajia nani anaingia na nani anatoka.

Miaka kumi ya hiyo nilikuwa Wamaza, kule Kabambare, nafundisha Kifaransa darasa la sita. Na darasani kulikuwa na msichana aitwaye Feza. Alikuwa analelewa na mama wa mama yake, mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Mwamini. Feza alikuwa mtoto wa kukaa mbele, kimya, miguu yenye udongo wa shamba maana alilima kabla ya shule. Siku tulipomaliza kusoma mchezo, niliuliza kama kuna swali. Akasimama.

"Mwalimu, wale watu walikuwa walozi kweli, ao walisingiziwa?"

Darasa likanyamaza. Ninyi mlio walimu mnajua kimya cha namna hiyo, watoto hamsini wamefungua masikio kwa mara moja. Mwalimu anapewa kimya kile mara mbili au tatu maishani.

Nikamjibu: "Hilo halitoki kwenye mtihani wa Serikali."

Watoto wakacheka. Feza akakaa. Nikafuta tablo, nikaandika mada mpya.

Mwezi haukuisha, kijiji kikafiwa. Kulikuwa na mtu aitwaye Kitenge, mkulima wa mpunga na karanga, jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtu mzuri. Alinisaidia kuezeka jiko langu bila kuombwa. Watoto wake wawili waliugua: homa, macho mekundu, kifua. Mama Mwamini alikuwa mwenye kujua majani, akina mama wote walimwita. Alikuja akawaosha watoto wale kwa maji ya majani siku mbili. Mdogo akafa Jumatatu. Mkubwa akafa Ijumaa.

Kitenge alizika mara mbili kwa wiki moja. Mnapoendelea kusoma, msimsahau akiwa pale kaburini, maana hakuwa mtu mbaya.

Jumamosi mtoto wangu Riziki, wa miaka minne, akaamka na moto mwilini. Mke wangu akaniita pembeni.

"Mama Mwamini alimushika kichwa siku ya soko," akasema. "Miye niliona kwa macho yangu."

"Alimsalimu tu."

"Na wale wa Kitenge aliwasalimu?"

Nilikuwa mtu wa diploma. Nilikuwa nimeshasahihisha mamia ya karatasi za watoto kuhusu hofu inavyoharibu akili. Nikamtazama Riziki kwenye mkeka, macho yake mekundu, na akili yangu yote ikanitoka ikaenda zake. Sikuamini kwamba mama yule ni mlozi. Lakini sikuacha kuogopa. Nataka mjue kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ni lile la pili linaloshika usukani.

Siku iliyofuata, asubuhi, baada ya sala, vijana wakamchukua Mama Mwamini nyumbani kwake. Wakamfungia kwenye ghala la mpunga karibu na barza, baraza ya shefu, mkuu wa kijiji. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kabambare, pikipiki hazipiti, kwa hiyo hakukuwa na polisi wala muganga wa hospitali wa kuita. Shefu alikuwa mzee mwoga. Akatuma watu wachukue mabenchi ya shule, akatuma waniite mimi pia.

"Mwalimu," akaniambia, "weye ndiye mwenye kuandika muzuri. Utatufanyia prosevebali."

Prosevebali ni ile karatasi ya shauri: nani kashtaki, nani kashtakiwa, kumesemwa nini. Nilikwenda. Nilichukua kalamu mbili za biki, karatasi safi, na kaboni. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema mtoto wangu mgonjwa, na ilikuwa kweli.

Nilipofika nikaona Kitenge amesimama nje ya ghala na bidoni, dumu la petroli. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ameishika tu, kama mtu aliyetumwa kuibeba na hajui aiweke wapi. Nyuma yake vijana wengi.

Shefu akaninong'oneza: "Watamuchoma, Mwalimu. Mi siwezi kuwazuia. Isipokuwa akubali. Akikubali, nitasema tunamufukuza tu, na watatosheka. Ingia useme naye. Weye anakuheshimu, unafundisha mujukuu wake."

Mnaona? Mlango ule ule wa kwenye mchezo. Nimeufundisha miaka na miaka, nikaufikia mwenyewe, nikaupita bila kuutambua. Au nilitambua. Siku nyingine nasema sikutambua, siku nyingine najua nilitambua na nikafurahi kidogo kwamba nina la kufanya.

Nikaingia. Mama Mwamini alikuwa ameketi juu ya gunia, kitambaa cha kichwani kimemtoka, nywele zake nyeupe ziko wazi. Alipoona ni mimi akajifunika haraka, kwa heshima.

"Mwalimu, asante kwa kuja. Waambie mi niliwaosha watoto kwa majani ile ile niliyomuoshea hata Feza."

"Mama," nikamwambia, "hawatasikia. Kubali tu."

"Nikubali nini?"

"Useme ndiyo. Useme ni wewe. Watakufukuza, lakini utaishi."

"Watoto wa Kitenge? Niseme mi niliwaua?"

"Ni maneno tu, mama."

"Maneno tu," akasema. Kisha akauliza, polepole, kama anayeuliza njia: "Na weye, Mwalimu, weye unaamini mi ni mulozi?"

Neno moja lilikuwa linatakiwa hapo. Hapana. Lingemgharimu mtu nini? Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuna aliyetusikia. Lakini nilimwona Riziki kwenye mkeka. Nikawaza: na kama? Nikamwambia:

"Mi sijui, mama."

Akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili. Akasimama, akajifunga kitambaa vizuri. "Basi twende," akasema.

Mbele ya barza alisema ndiyo. Shefu alimuuliza mara tatu na mara tatu akasema ndiyo, kwa sauti ambayo mimi tu wa karibu nilikuwa naisikia vizuri. Wanawake wakapiga vigelegele vya woga, wengine wakalia. Kitenge akaiweka bidoni chini. Mimi nilikuwa nimeinama naandika.

Ndipo Feza akapita katikati ya watu. Sijui alitokea wapi, walikuwa wamemfungia nyumbani. Akasimama mbele ya meza yangu, ile meza yangu ya darasani waliyoileta na mabenchi.

"Mwalimu, usiandike vile! Andika walimulazimisha! Ni sawa na kwa kitabu, Mwalimu, weye mwenyewe ulitufundisha!"

Watu wote wakanigeukia. Ilikuwa kimya tena. Kimya kile kilirudi mara ya pili, na safari hii hakikuwa cha watoto.

Nikamwambia: "Feza, kaa chini."

Akakaa. Vijana wangu, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama angenitukana, kama angenirushia jiwe, ningelibeba. Lakini akakaa, papo hapo, chini kwenye udongo, kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kukaa nikimwambia akae.

Karatasi ile niliiandika kwa Kifaransa. Niliona ndivyo heshima ya barza inavyotaka. Niliandika kwa mwandiko wangu wa siku za mashindano, mistari iliyonyooka, pambizo sawa, nikaweka kaboni katikati zikatoka mbili. Mama Mwamini akaweka kidole. Wino ulikuwa umekauka kidogo, nikamshika mkono nikamsaidia kukandamiza. Shefu akachukua moja, Kitenge akapewa nyingine kama mwenye mashtaka. Watu wakanishukuru. Shefu alisema hajaona karatasi nzuri kama ile.

Wakamwachia mpaka jioni atoke kijijini. Waling'oa paa lake kabla hajafika mtoni. Feza alikwenda naye, amebeba sufuria na kaye zake. Mtihani wa Serikali ulikuwa umebaki wiki chache. Hakuufanya mwaka ule wala mwaka mwingine.

Siku nne baadaye barabara ikafunguka kidogo, muganga wa kituo cha afya akafika kwa miguu, suruali imejaa matope. Akamwangalia Riziki, akaangalia na watoto wengine sita. "Surua," akasema. Neno fupi kama hilo. Akatoa dawa, akatuonyesha namna ya kuwapa maji. Riziki akapona. Sasa ni mama wa watoto wawili, yuko Kindu.

Niliposikia neno surua nilikuwa nimesimama mlangoni. Shefu alikuwa pale, na Kitenge alikuwa pale. Mimi nikatazama matope ya suruali ya muganga. Muganga akauliza kama kuna waliokufa, tukamwambia wawili. Akauliza waliugua namna gani, Kitenge akamweleza. Muganga akasema pole. Hakuna aliyesema kuhusu Mama Mwamini. Mimi pia sikusema.

Kesho yake nilikwenda darasani. Mnataka kujua nilifundisha nini? Marudio ya mchezo. Nafasi ya Feza mbele ilikuwa wazi, nikamwambia mtoto mwingine asogee aijaze. Na baada ya pale niliendelea kuufundisha miaka mingine minane, na kila mwaka nikifika kwenye baraza la wale wakubwa nilikuwa nasoma haraka.

Kuhusu mama yule nilisikia vipande vipande. Alikwenda kwanza Lusangi, kwa ndugu wa marehemu mume wake. Wakampokea. Wiki mbili baadaye ikafika karatasi, shefu wetu alikuwa ameituma kwa mtu wa pikipiki, ili wa kule wajue. Wakamtoa. Maneno ya mdomo yangechoka njiani, watu wangesema ni uvumi. Karatasi ilifika ikiwa safi, na kidole chake chini.

Nilipostaafu nikahamia hapa Kasongo. Mwanafunzi wangu wa zamani mwenye pikipiki akaniambia siku moja, bila kujua anachoniambia: "Mwalimu, unamukumbuka Feza? Iko Nyangwe, anauza samaki. Na yule mama wa mama yake angali muzima."

Ilinichukua miezi mitano kwenda. Nilifika Nyangwe asubuhi, nikaonyeshwa nyumba karibu na mahali wanapokausha samaki. Feza alikuwa anageuza samaki juu ya wavu wa moshi. Akaniona, akanijua, akaendelea kugeuza. Mama Mwamini alikuwa ndani. Alikuwa amekuwa mdogo, kama mtoto, macho yamefunikwa na utando.

"Nani?"

"Mwalimu wa Wamaza, mama."

Akasema: "Feza, lete kiti."

Feza akaleta kiti, akakiweka, akarudi kusimama mlangoni. Nikapiga magoti kabla ya kukikalia. Nikasema yote niliyokuja kuyasema. Nilikuwa nimeyapanga njiani, yakatoka yamevurugika. Nikamwambia nilijua hana kosa. Nikamwambia nilipoulizwa nilisema sijui, na lilikuwa neno la mtu mwoga.

"Uliniokoa, Mwalimu," akasema. "Bila weye wangenichoma."

Feza akacheka pale mlangoni, kicheko kimoja kikavu.

"Aliniokoa," mama akarudia, akigeukia mlango. "Mi minajua. Niliona bidoni." Kisha akanigeukia. "Lakini sikiya. Hapa hakuna mutu anajua. Wananiita mama wa samaki. Wananipa watoto wao niwashike. Kila wakinipa mutoto, mi nasikia ndani yangu: kuna karatasi inasema weye unaua watoto, na kidole ni chako. Ule mwili uliuokoa, asante. Mi mwenyewe nilibakia kule."

"Nifanye nini, mama?"

"Uliandika kule, mbele ya watu. Unakuja kuniambia huku, mimi na samaki. Mi nilikuwa najua. Enda useme kule."

Nikamwahidi. Nikasema mvua zikiisha tu.

Mvua zikaisha. Magoti yakawa yananiuma. Zikaja zingine zikaisha. Nilikuwa najiambia barabara ya Wamaza ni mbaya, mzee hawezi kukaa juu ya pikipiki siku nzima. Na ilikuwa kweli, kama vile ugonjwa wa Riziki ulivyokuwa kweli. Mwaka jana yule kijana wa pikipiki akaniletea ujumbe wa Feza. Ulikuwa maneno machache: "Mama alikufa. Tulimuzika jana. Usikuje."

Sikwenda Nyangwe. Wiki ileile nikaenda Wamaza.

Nilingoja siku ya soko, watu wakajaa. Nikapanda juu ya benchi la muuza mafuta ya mawese, nikaita watu wanisikilize. Mwanamke mmoja akauliza: "Papa, unauza dawa gani?" Nikasema sina dawa. Nikasema jina langu, nikasema nilifundisha pale. Nikasema Mama Mwamini hakuwa mlozi, watoto wa Kitenge waliuawa na surua, na mimi ndiye niliyemwambia akubali, na ndiye niliyeandika.

Vijana wakatazamana. "Mama Mwamini ni nani?" mmoja akauliza. Hawakumjua. Nusu yao walikuwa hawajazaliwa. Wakanisikiliza kidogo kwa adabu, kisha wakarudi kwenye vitunguu vyao. Nikashuka kwenye benchi. Nilikuwa nimebeba jambo lile miaka yote nikidhani ni zito kama mlima, na soko zima lililivuka kama dimbwi.

Mtu mmoja tu hakuondoka. Alikuwa mzee, anatembea na fimbo. Sikumtambua hadi aliposema.

"Twende nyumbani, Mwalimu."

Alikuwa Kitenge. Tukatembea pamoja. Nyumba yake ilikuwa palepale. Akanipa maji ya kunywa, akaketi mbele yangu.

"Siku ile sikuwa na hakika," akaniambia. "Nataka ujue. Nilikuwa nimeshika petroli. Ndani nilikuwa nasema: Kitenge, mama huyu alimuzalisha mke wako. Nikakuangalia weye. Watu wengi walikuwa wanakuangalia weye. Tulisema, mwalimu amesoma. Kama ni uongo atasema. Ukaingia mule, ukatoka, ukashika biki. Basi nikasema ni kweli. Mutu kama ule hawezi kuandika uongo."

Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Na ile surua, muganga alipoisema," akaendelea, "nilikuangalia tena."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Akaufungua. Ilikuwa nakala yake ya karatasi ile, kaboni imefifia, lakini mistari yangu bado imenyooka.

"Mi sijui Kifaransa," akasema. "Tangu siku ile iko kwangu na sijui inasema nini. Niliogopa kumupa mutu aisome. Nisomee."

Nikavaa miwani. Nikamgeuzia kwa Kiswahili, neno kwa neno, na sauti yangu iliyowafundisha watoto kusikika ng'ambo ya kijito ilikuwa haifiki hata kwenye kiti chake. Nikasoma kwamba siku hiyo, mbele ya barza, alifika mwanamke mjane, akiwa na akili timamu, naye kwa hiari yake na bila kulazimishwa na mtu yeyote alikubali.

Kitenge akainua mkono. "Bila kulazimishwa?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na petroli? Mi mwenyewe nilikuwa nimeishika mbele ya macho yako."

"Sikuiandika."

"Na ule mutoto wa kike, alivyolia pale kwa meza?"

"Sikumwandika."

"Na ulivyoingia kwa ghala?"

"Hapana."

Akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaigeuza huku na huku, kama anatafuta mahali palipobaki. Alikuwa anataka kweli kujua.

"Basi, Mwalimu," akaniuliza, "siku ile ulikuwa unaandika nini?"

Nikamjibu bila kumficha. Nilikuwa naandika Kifaransa kizuri.